Sindano ya jentamaisini: kwa nini dozi kamili mara moja ni salama kuliko kidogo kidogo

Jentamaisini, dawa ya sindano ya kuua bakteria, imezungukwa na woga wa siku nyingi. Kila aliyesomea udaktari, uuguzi au ufamasia anajua kwamba inaweza kuharibu figo na masikio, na kwa sababu ya woga huo dozi inapunguzwa. Mtu wa kilo 50 na mtu wa kilo 90 wote wanaandikiwa miligramu 80 mara tatu kwa siku. Homa isiposhuka, siku zinaongezwa: tano zinakuwa kumi, kumi zinakuwa kumi na nne. Mgonjwa wa namna hiyo anapata hasara mbili kwa pamoja. Bakteria wake hawapigwi sawasawa, na figo zake zinakaa ndani ya dawa mchana na usiku. Kinachomlinda ni kinyume chake: dozi kamili kwa uzito wake, mara moja, kisha nafasi ya kutosha kabla ya nyingine, na kuacha mapema.

Dawa hii ni ya ukoo wa aminoglikosaidi. Wa kwanza kujulikana katika ukoo huo ni streptomaisini, iliyopatikana Marekani mwaka 1943 kutoka kwa bakteria wa udongoni na kuwa dawa ya kwanza kukitibu kifua kikuu. Jentamaisini ilitangazwa mwaka 1963. Kanamaisini na amikasini ni ndugu zake. Zote zina tabia moja inayoeleza karibu kila jambo litakalofuata: zinapenda maji na kuchukia mafuta. Ukizimeza hazipiti ukutani mwa utumbo, ndiyo maana ni za sindano. Zikishaingia mwilini zinakaa kwenye damu na maji yaliyo nje ya seli, hazipenyi kirahisi kwenda kwenye ubongo wala ndani ya seli, na zinatoka kupitia figo zikiwa vilevile zilivyoingia. Ini halizigusi. Figo zikilegea, dawa haina mlango mwingine wa kutokea.

Inavyoua

Jentamaisini inaingia ndani ya bakteria na kung'ang'ania ribosomu, kile kiwanda kidogo kinachotengeneza protini. Kiwanda kinaanza kusoma maelekezo vibaya, protini zinatoka mbovu, nyingine zinajipachika kwenye ukuta wa bakteria na kuutoboa, na dawa zaidi inaingia. Mlango wa kwanza wa kuingilia unahitaji oksijeni. Kwa hiyo bakteria wanaoishi pasipo oksijeni hawaguswi na dawa hii, na ndani ya jipu lenye usaha mzito, ambako oksijeni ni haba na kuna tindikali, hufanya kazi kidogo sana. Jipu linapasuliwa na kukamuliwa. Kumdunga mgonjwa wake jentamaisini bila kulipasua ni kupoteza siku.

Kasi ya kuua inategemea kilele, yaani kiwango cha juu kabisa ambacho dawa inafikia kwenye damu baada ya sindano. Kilele kikiwa mara 8 hadi 10 ya kiwango kinachohitajika kumzuia bakteria asikue, vifo ni vingi na vya haraka. Zaidi ya hapo, wale wachache waliobaki wanaendelea kuzubaa kwa saa kadhaa hata dawa ikiwa imeshapungua kwenye damu. Lakini pia, baada ya dozi ya kwanza, wanaofunga milango yao hubaki wameifunga kwa saa kadhaa. Dozi ndogo inayokuja baada ya saa nane inawakuta bado wamejifungia. Inayokuja kesho yake inawakuta wamefungua.

Weka hesabu mezani. Mtu mzima wa kilo 60 ana takriban lita 15 za maji ambamo dawa itaenea. Mpe miligramu 80, kilele ni kama miligramu 5 kwa lita. Mpe miligramu 300, yaani miligramu 5 kwa kila kilo, kilele ni kama 20. Bakteria anayehesabiwa kuwa bado anasikia dawa anaweza kuhitaji hadi miligramu 2 kwa lita. Kwa dozi ya kwanza kilele ni mara mbili na nusu tu ya hitaji hilo. Kwa ya pili ni mara kumi. Jumla ya siku haitofautiani sana, 240 dhidi ya 300, lakini matokeo kwa bakteria hayafanani hata kidogo.

Figo zinavyoumia

Dawa inapochujwa kwenye figo, sehemu ndogo inanyonywa na seli za mirija ya mwanzo. Humo inarundikana, inavuruga mafuta ya seli, na mwishowe seli zinakufa. Kizuri ni kwamba unyonyaji huo una kikomo. Kilele kikiwa kikubwa, seli zinajaza zilichoweza kubeba na dawa iliyobaki inapita kwenda kwenye mkojo. Dawa ikiwa kidogo lakini ipo saa zote, seli zinanyonya saa zote. Ndiyo sababu zile dozi tatu ndogo, zinazohakikisha damu haipumziki, huzidi kuumiza figo kuliko dozi moja kubwa inayofuatwa na saa nyingi za damu kuwa karibu safi. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima, nusu ya dawa inatoka kila baada ya saa 2 hadi 3, kwa hiyo alfajiri ya siku inayofuata karibu haipo tena.

Madhara ya figo kwa kawaida hujitokeza baada ya siku 5 hadi 7, na mara nyingi mkojo unaendelea kutoka kama kawaida, jambo linalowapumbaza wengi. Muuguzi anaandika mkojo mililita 1,500, kila mtu anaridhika, na kreatinini, ile taka ya misuli inayopimwa kwenye damu ili kujua hali ya figo, inapanda kimyakimya. Ikigunduliwa mapema na dawa ikakatishwa, figo nyingi hurudi. Masikio hayarudi.

Kabla ya dozi ya pili ni lazima kreatinini ijulikane, na isisomwe peke yake. Chukua bibi wa miaka 72, kilo 46, kreatinini 90 mikromoli kwa lita. Maabara nyingi hazitaliwekea jibu hilo alama yoyote. Sasa fanya hesabu ya Cockcroft na Gault, inayokadiria kasi ya figo kusafisha damu: 140 toa umri, zidisha kwa uzito, zidisha kwa 1.04 kwa mwanamke au 1.23 kwa mwanaume, gawanya kwa kreatinini. Ni 68 mara 46 mara 1.04, gawanya kwa 90. Jibu ni 36 mililita kwa dakika. Figo za bibi huyu zinafanya kazi chini ya nusu ya za kijana, ila kwa kuwa misuli yake ni michache, kreatinini anayoitengeneza ni kidogo na namba inaonekana nzuri.

Huyu hapunguziwi dozi ya kwanza. Bakteria wake hawajui umri wake. Kinachobadilika ni nafasi kati ya dozi. Utaratibu unaotumika sana ni huu: jibu la hesabu hiyo likiwa zaidi ya 60, kila saa 24, kati ya 40 na 59, kila saa 36, kati ya 20 na 39, kila saa 48, chini ya 20, dozi moja ya kuanzia kisha tafuta dawa nyingine, au usirudie mpaka kipimo cha damu kionyeshe kwamba iliyotangulia imetoka. Panapopimwa kiwango cha dawa, damu inachukuliwa kabla ya dozi inayofuata, na lengo ni chini ya miligramu 1 kwa lita. Pasipo kipimo hicho, na hospitali nyingi za wilaya hazina, kreatinini kila baada ya siku mbili au tatu na kalenda ndiyo silaha zilizobaki. Kwa mzee ni afadhali ipimwe kila siku.

Uzito upimwe, usikisiwe. Kwa mtu mnene sana uzito wote hauhesabiwi, kwa kuwa dawa haiingii vizuri kwenye mafuta: chukua uzito unaostahili urefu wake, ongeza asilimia 40 ya ziada. Mama wa sentimita 160 mwenye kilo 110 anastahili takriban kilo 52. Ziada ni 58. Asilimia 40 yake ni 23. Dozi inapigwa kwa kilo 75, yaani miligramu 375 badala ya 550.

Yapo pia mambo yanayozifikisha figo pabaya haraka: upungufu wa maji mwilini, na dawa kama furosemidi (ya kuongeza mkojo), vankomaisini, amfoterisini, tenofovir, na diklofenaki. Hii ya mwisho inastahili kutajwa kwa sauti. Sindano ya diklofenaki kwa ajili ya maumivu na ya jentamaisini kwa ajili ya maambukizi zimezoeleka kuandikwa kwenye karatasi moja, kwa mgonjwa ambaye ametapika siku mbili na hajarudishiwa maji. Parasetamoli ingetosha.

Mtoto mchanga na tatizo la ampuli

Mahali jentamaisini inapookoa maisha mengi kuliko pengine popote ni kwa watoto wachanga wenye maambukizi ya damu, ikipewa pamoja na ampisilini au penisilini. Dozi zinazofuatwa katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa hospitali ni hizi: wiki ya kwanza ya maisha, miligramu 3 kwa kilo kwa mwenye uzito pungufu na miligramu 5 kwa kilo kwa mwenye uzito wa kawaida, kuanzia wiki ya pili, miligramu 7.5 kwa kilo. Zote mara moja kwa siku. Figo za mtoto wa siku mbili bado zinajifunza kazi, ndiyo maana anaanza chini, na kwa njiti wadogo sana miongozo mingine inasogeza nafasi hadi saa 36 au 48. Umri kwa siku uandikwe kwenye chati kila asubuhi, maana dozi inabadilika mtoto akivuka wiki moja na hilo husahaulika.

Kosa kubwa zaidi linatokea mezani pa kuchanganyia dawa. Ampuli ziko za aina mbili zinazofanana kwa umbo: miligramu 20 katika mililita 2, na miligramu 80 katika mililita 2. Moja ni nzito mara nne ya nyingine. Njiti wa kilo 1.8 anahitaji miligramu 5.4. Kutoka ampuli nyepesi hiyo ni mililita 0.54. Anayevuta mililita 0.54 hizo kutoka ampuli nzito bila kusoma lebo amempa miligramu 21.6, yaani 12 kwa kilo.

Hata aliyesoma lebo ana mtego mwingine. Kutoka ampuli nzito anahitaji mililita 0.135, kiasi ambacho bomba la mililita 2 haliwezi kukipima. Akichukua bomba la mililita 1 akavuta 0.135, kisha akavuta maji juu yake ili kuongeza ujazo, kuna dawa iliyokuwa imejificha kwenye shingo ya bomba na ndani ya sindano, mililita 0.05 hadi 0.1, isiyosomeka kwenye mistari. Maji yanaisukuma nayo ndani. Kwa ampuli nzito hiyo ni miligramu 2 hadi 4 za ziada kwa mtoto aliyepaswa kupata 5.4.

Njia safi ni kuchanganya kwanza, kupima baadaye. Vuta ampuli yote ya miligramu 80 katika bomba la mililita 10, ongeza mililita 6 za maji ya kuchanganyia dawa, geuza bomba mara kadhaa. Sasa una mililita 8, kila moja ina miligramu 10. Chukua bomba jipya la mililita 1, vuta 0.54. Mtu wa pili asome jina, uzito, siku za umri, na ujazo kabla ya kudunga. Kinachobaki kitupwe. Mishipani inasukumwa polepole, dakika 3 hadi 5. Kwa mtu mzima ni bora kuitia kwenye mililita 100 za maji ya chumvi na kuipitisha kwa dakika 30. Ikiwa ni msulini, kwa mtoto mchanga ni paja, upande wa mbele kwa nje. Tako haliguswi, mshipa mkubwa wa fahamu unapita pale.

Penisilini na ndugu zake zisikutane na jentamaisini ndani ya bomba moja wala dripu moja. Zinashikana na kuuana nguvu kabla hazijamfikia bakteria. Pitisha moja, safisha kanula kwa maji ya chumvi, ndipo uipitishe nyingine.

Kwa mtoto mwenye dalili za maambukizi makali ambaye familia haiwezi kumpeleka hospitali ya rufaa, majaribio yaliyofanyika Kongo, Kenya na Nigeria, matokeo yakachapishwa mwaka 2015, yalionyesha kwamba jentamaisini msulini pamoja na amoksisilini ya kunywa inafanya kazi. Utaratibu mmojawapo uliokubaliwa ni sindano ya jentamaisini kwa siku mbili tu, na amoksisilini kwa siku saba. Ni faraja kubwa kwa zahanati za mbali, na ni ushahidi mwingine kwamba siku chache zinatosha. Rufaa ikiwezekana, hata hivyo, rufaa kwanza.

Masikio na usawa wa mwili

Ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo. Baadhi zinasikia sauti, nyingine zinatuambia tumesimama wima au tumeinama. Aminoglikosaidi zinaingia humo na kukaa muda mrefu baada ya damu kusafika. Seli hizi zikifa hazioti tena. Amikasini na kanamaisini hupiga zaidi usikivu, kuanzia sauti nyembamba za juu, ndiyo maana mgonjwa anaweza kuzungumza na wewe vizuri huku akiwa ameshapoteza kitu. Wagonjwa wengi wa kifua kikuu sugu waliotibiwa kwa sindano za kila siku kwa miezi walibaki viziwi. Katika mwongozo wa mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliacha kupendekeza kanamaisini kabisa, na amikasini ikabaki kwa hali maalumu tu, pale penye kipimo cha usikivu.

Jentamaisini hupiga zaidi usawa wa mwili, na hapa ndipo panapopitwa. Mgonjwa aliyelala hana cha kulalamikia. Siku anaposimama anayumba, familia inasema ni udhaifu wa ugonjwa. Akitembea, vitu mbele yake vinarukaruka. Usiku gizani, au akifumba macho kuosha uso, anaanguka.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Mketishe mgonjwa mbele ya chati ya kupimia macho, avae miwani yake kama anayo, na umwandike mstari wa chini kabisa anaousoma kichwa kikiwa kimetulia. Simama nyuma yake, shika kichwa kwa mikono miwili, kizungushe kidogo kulia na kushoto mara mbili kwa sekunde, asome tena. Mtu mzima wa afya anapoteza mstari mmoja, labda miwili. Anayepoteza mitatu au zaidi, simamisha dawa siku hiyo hiyo. Kwa mgonjwa yeyote anayevuka siku ya tano, kipimo hiki cha dakika mbili kingefanywa kila siku, sambamba na swali: unasikia mlio masikioni?

Wapo watu ambao dozi moja, sahihi kabisa, inaweza kuwafanya viziwi. Wamerithi badiliko kwenye mitokondria, vile vinu vya nguvu ndani ya seli, linalojulikana kama 1555A>G, na mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake. Uingereza mwaka 2023 iliidhinisha kwa majaribio kipimo cha mate ya shavuni kwa watoto wachanga kinachotoa jibu chini ya nusu saa. Pasipo kipimo hicho, swali moja lina thamani: upande wa mama, kuna ndugu yeyote aliyekuwa kiziwi baada ya sindano? Bibi, mjomba, mama mdogo. Jibu likiwa ndiyo, tafuta dawa nyingine.

Furosemidi ikipewa pamoja nayo huzidisha hatari ya masikio, hasa ikisukumwa haraka mishipani.

Kupumua

Dawa hii inazuia kidogo ujumbe wa neva kwenda kwenye misuli. Kwa wengi haionekani. Kwa mwenye myastenia, ugonjwa wa misuli kuchoka, inaweza kuzuia pumzi, kwa hiyo hapewi. Kwenye wodi ya wazazi kuna mkutano mwingine wa kuangaliwa: mama mwenye kifafa cha mimba anapata magneziamu salfeti, na akipata maambukizi ya mfuko wa uzazi, klindamaisini na jentamaisini ndiyo matibabu yanayopendekezwa. Magneziamu nayo inalegeza misuli. Hesabu pumzi na gonga goti kila saa. Pumzi zikishuka chini ya 16 au goti lisipojibu, simamisha magneziamu, na kalsiamu glukoneti gramu 1 mishipani polepole iwe karibu na kitanda, siyo stoo. Jentamaisini ya mama huyo iishe saa 48 baada ya homa kutulia.

Isipofaa

Kwa maambukizi ya figo, tauni, na bruselosisi ikiambatana na doksisaiklini, jentamaisini ina nafasi yake halali. Kwa homa ya matumbo haina. Bakteria wa homa ya matumbo wanajificha ndani ya seli, ambamo dawa hii haiingii; maabara inaweza kuandika kwamba bakteria anasikia jentamaisini na bado mgonjwa asipone. UTI ya kawaida ya kibofu hutibiwa kwa vidonge. Kozi ya sindano tano za miligramu 80 inayouzwa dukani kwa mtu ambaye hajapimwa mkojo wala kreatinini haina hoja yoyote ya kitabibu inayoitetea. Na kwenye wodi nyingi za watoto wachanga, bakteria aina ya Klebsiela wameshakuwa sugu. Mtoto asiyepata nafuu ndani ya saa 48, damu yake ioteshwe tena maabara na dawa ibadilishwe, mara nyingi kwa amikasini miligramu 15 kwa kilo mara moja kwa siku ikiwa kipimo kinaruhusu.

Mgonjwa akiruhusiwa, kadi yake iandikwe jina la dawa, dozi, na idadi ya siku alizopata, kwa maandishi yanayosomeka. Masikio yanajumlisha: siku tano za mwezi huu zinaongezwa kwenye saba za hospitali nyingine mwezi uliopita, na daktari wa tatu hawezi kujua asipoandikiwa. Aambiwe pia kwamba mlio, kuyumba au kusikia kupungua kunaweza kuanza wiki chache baada ya sindano ya mwisho, na kwamba akiona dalili hizo arudi na kadi hiyo hiyo, asinunue dawa ya kizunguzungu dukani.